Paka wa Lilian Hataki Kula

Kawetele,
Tukuyu, Rungwe.
18 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Obed,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi na ukungu. Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta mzima, kifua kimekuachia, na wageni wa hapo hotelini Karatu hawakumalizi miguu kwa kukusimamisha jikoni kutwa nzima. Tuliposikia mvua zimekata barabara huko kwenu, Mama alishika tama mpaka uliposema kwenye simu kwamba hamkupatwa na neno.

Sisi huku tupo. Shemeji yako Enosi anaendelea na zamu zake kiwandani, vumbi la chai linamkohoza kidogo lakini si la kutisha. Mimi mgongo ndio ule ule wa cherehani. Wanangu wako bweni na barua zao ni za kuomba sabuni tu, kwa hiyo najua hawajambo. Habari za Mama nitakupa humu ndani, taratibu.

Utashangaa kupata barua wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Kila nikikupigia Mama anavuta kigoda na kusema, "Weka sauti kubwa." Nikishaweka sauti kubwa nabaki kusema hatujambo, ndizi zimezaa, mvua inanyesha. Yaliyo moyoni hayasemeki mbele yake. Basi leo tumetoka kanisani, nimejifungia chumba cha cherehani nikasingizia kuna sare ya mtu inanidai, na ninakuandikia. Nitaitia barua hii kwenye kifurushi cha majani ya chai, uisome ukiwa peke yako.

Kwanza, asante kwa mzigo. Lile gunia la chakula cha paka lilifika salama, Enosi akalibeba begani kutoka stendi, watu njiani wakamuuliza mbolea ameipata wapi. Ndaga fijo, asante sana, mdogo wangu. Lakini nakuomba usitume jingine kama lile. Usikasirike kabla hujafika mwisho wa barua.

Nianzie nyuma kidogo, maana wewe uliondoka mara tu matanga ya ndugu yetu Lilian yalipokwisha na hukumwona paka alivyoingia katika nyumba hii. Yule jirani yake kule Dar, aliyekuwa akimlisha paka wakati wa ugonjwa, alipata uhamisho na mahali anapokwenda hawaruhusu wanyama. Akampigia Mama. Mama hata hakutuuliza. Alisema, "Mlete," na wiki ile ile paka akashushwa kwenye basi ndani ya tenga la kuku, amevimba kwa hasira, ana kipakiti chake cha chakula kilichobaki nusu kimefungwa juu ya tenga kwa kamba. Mama alikuwa ameenda kumpokea na kitenge, kama anavyopokewa mtoto mchanga.

Ni dume la kijivu, nene, mikono myeupe. Amelelewa ghorofani, hakuwahi kukanyaga nyasi. Siku ya kwanza tulipomtoa uani, majani yakiwa na umande, alikuwa akiinua mguu mmoja mmoja na kuukung'uta, kama mtu aliyekanyaga kinyesi cha ng'ombe kwa bahati mbaya. Lilian alimwita Pilato, kwa sababu hafanyi jambo lolote bila kunawa mikono, kabla na baada. Nilicheka niliposikia, halafu nikalia, maana huyo ndiye Lilian kabisa. Mama, na uzee wake wa kanisa, alisema hawezi kusimama uani akaita Pilato wapita njia wakamsikia. Yeye humwita Mwana.

Kile kipakiti alichokuja nacho kilikuwa cha punje kavu, zile zinazolia kwenye meno kama mtu anatafuna bisi. Alikula vizuri. Zilipokwisha tukampa wanachokula paka wa hapa: ugali na dagaa wa usipa. Akanusa, akaondoka. Nikachoma samaki wa Kyela, nikamtolea miiba mmoja mmoja kwa vidole. Akanusa, akaondoka. Tukajaribu utumbo wa ng'ombe, yai la kuchemsha, kuku. Maziwa aliyanywa, kisha akaharisha juu ya mkeka wa Mama, basi na hayo yakaishia hapo. Enosi alisema njaa itamfundisha, kwao hakuna paka aliyewahi kupikiwa. Siku hiyo hiyo panya alipita jikoni mchana kweupe, na Pilato akasogea pembeni kumpisha.

Ningecheka zaidi, Obed, kama si Mama. Alianza kuweka sahani yake chini, karibu na kisahani cha paka. Mbalaga zake, zile ndizi za kupika, na maharage, bado za moto. Anamwambia, "Haya, Mwana, tule." Paka ananusa, anageuza shingo. Mama anachukua sahani nyingine, anafunika chakula chake. "Nitakula akishakula." Nilidhani ni maneno tu. Nikawa naikuta sahani jioni, imefunikwa vile vile, mbalaga zimekauka.

Ndipo nilipokupigia simu nikakuomba unitafutie chakula cha aina ile, kwa kuwa hapa Tukuyu hakuna na Mbeya kilikuwa kimewaishia. Na wewe ukatuma gunia zima. Siku lilipofunguliwa Pilato alikula hadi akalala palepale juu ya miguu ya Mama, na Mama akamaliza mbalaga na kuniomba nimwongeze. Nilitoka nje nikamshukuru Mungu, na baada ya Mungu nikakushukuru wewe. Ninalokueleza sasa halifuti shukrani ile.

Hazikupita wiki nyingi, nikaona Pilato anakwenda mara kwa mara kwenye sanduku lake la maranda. Anachuchumaa, anakaa, anatoka bila kitu. Anarudi tena. Kisha akaanza kulia, sauti nzito ambayo sikujua paka anayo. Mama alidhani ni choo kigumu, akataka kumnywesha mafuta ya kula. Nilimpapasa tumbo kwa chini, nikakuta kitu kigumu kama parachichi bichi.

Nikampigia Jacob, yule daktari wa mifugo wa mjini aliyemzalisha ng'ombe wetu mwekundu. Alikuja na pikipiki, bado ana matope ya zizi la watu. Alimgusa mara moja tu, akasimama.

"Dada Atupele," akaniambia, "ng'ombe ninamjua, nguruwe ninamjua. Paka sina vifaa vyake. Ila dume asiyekojoa ninajua hana muda. Huyu aende Mbeya sasa hivi."

Yeye mwenyewe akatutafutia gari lililokuwa linapeleka maparachichi. Mama alisema anakwenda, na unajua Mama akisema anakwenda. Alikaa mbele amepakata tenga, na kuanzia Kiwira mpaka Uyole alikuwa akimwimbia Pilato nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Dereva, kijana wa watu, alizima muziki wake bila kuambiwa.

Daktari wa Mbeya ni dada mdogo tu, mpole. Alimlaza usingizi, akampitishia mpira mwembamba, na mkojo ukatoka mwekundu. Akatuonyesha chini ya chombo: mchanga, Obed. Mchanga kabisa, unang'aa. Akatueleza kwa utaratibu. Paka kwa asili hanywi maji mengi, maji yake anayapata ndani ya nyama anayokula. Ukimpa chakula kikavu siku zote, na yeye mwenyewe si mnywaji, mkojo unakuwa mzito na mchanga unajijenga. Njia ya dume ni nyembamba, inaziba upesi. Alisema chakula kikavu si sumu, wako paka wengi wanaokila mpaka uzeeni bila tatizo. Ila huyu, kwa mwili wake na kwa lililompata, inabidi ahamie kwenye chakula cha majimaji, kile cha makopo na cha vipakiti. Kikavu tukiondoe polepole.

Nikaitikia ndiyo, daktari, kila mara. Kisha tukiwa tayari tumebeba tenga akasema jambo la mwisho. Paka mnene kama huyu asikae siku kadhaa bila kula, ini lake litaharibika, na hilo linaua haraka kuliko mkojo. Sikulisikia vizuri neno hilo wakati ule. Nimelisikia baadaye.

Tulipofika nyumbani nilifungua kopo la kwanza. Harufu ilienda mbali. Mbwa wa jirani alikuja, kuku walikuja, hata Enosi aliinua pua akauliza leo kuna nini. Pilato alilisogelea lile kopo, akaanza kuparua sakafu pande zote, kama wanavyofanya wanapofukia uchafu wao. Alilifukia, Obed, pale pale kwenye saruji, halafu akanawa mikono akaondoka.

Wewe umezoea wageni wanaorudisha sahani, labda ungejua la kufanya. Mimi nilifanya yote niliyoambiwa na yote niliyoyawaza. Nilipasha kopo kwenye maji ya moto ili harufu iamke. Nilibadilisha la kuku na la samaki. Nilimpaka kidogo kwenye mkono wake mweupe ili alambe. Akalamba kwa sababu hawezi kuvumilia uchafu, akaniangalia kama nimemtukana. Niliziponda punje zikawa unga, nikanyunyiza juu. Akapuliza unga kwa pua yake akaondoka. Nililoweka punje kwenye mchuzi. Akanywa mchuzi kidogo, rojo akaliacha.

Na wakati wote huo gunia lako lilikuwa ghalani. Analijua lilipo. Alikuwa anakaa mlangoni pa ghala analia, na Mama anakaa kwenye kigoda karibu yake, wananitazama wote wawili. Mimi nimesimama katikati. Nikimpa punje, mkojo utaziba. Nisipompa, ini. Chakula anachokipenda kinamuua na kitakachomponya hataki kukiona. Nilishika kikombe cha punje mkononi, nikakirudisha, nikakitoa tena. Mtu mzima mwenye nyumba yake, nikashindwa kuamua juu ya kikombe.

Nilimpigia Jacob. Akasema ikibidi tumlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tupitishe pembeni ya meno, kidogo kidogo. Akaleta bomba. Nikalainisha chakula cha kopo kwa maji ya uvuguvugu, nikamviringisha Pilato kwenye kitenge, nikamweka mapajani. Ndipo Mama akaingia.

"Unafanya nini?"

"Ninamlisha, Mama. Daktari amesema."

"Mwachie."

"Mama, asipokula atakufa."

"Nimesema mwachie, Atupele."

Sijawahi kuisikia sauti ile tangu tukiwa wadogo. Nikamwachia. Akakimbilia chini ya kabati. Mama akaketi kitandani kwangu, akaanza kukikunja na kukikunjua kile kitenge, na akaniambia jambo ambalo sidhani wewe unalijua, maana mimi sikulijua.

Kule hospitalini Dar, siku za mwisho, Lilian alikuwa amefunga mdomo. Hataki uji, hataki maji. Mama akaambiwa mgonjwa asipokula dawa hazina pa kushika, ajitahidi kumlazimisha. "Nikambana mashavu," Mama akasema. "Binti yangu, mtu mzima aliyeninunulia hata hii miwani, nikambana mashavu kama mtoto wa wiki moja, nikamtia uji kwa kijiko. Ukamwagika wote kwenye mto. Hakusema kitu. Aliniangalia tu. Mpaka anakata roho hakunisemesha tena." Akakikunja tena kile kitenge, akasema, "Huyu sitambana. Akitaka kula ale, asipotaka nitakaa naye."

Ningemjibu nini? Ningemwambia Lilian hakuwa amekasirika, kwamba alikuwa amechoka tu, kwamba alikuwa hana nguvu ya kusema? Nilisema hayo yote. Aliitikia "Ee, mwanangu," kama anavyomwitikia mtu anayemuuzia kitu asichokitaka.

Kuanzia hapo Mama akaacha kula kabisa. Alikuwa anakunywa chai tu, na kumeza vidonge vya presha juu ya chai. Nilimkuta siku moja ameketi chini kwenye migomba, mgongo umeegemea shina, panga liko pembeni. Akasema anapumzika. Nilipomwinua nilidhani ninainua nguo. Nikawa na midomo miwili iliyofungwa ndani ya nyumba, mmoja umefungwa kwa sababu ya mwingine, na mimi sina ufunguo wa hata mmoja. Mama Alinanuswe wa kwaya alikuja kutuombea, akaomba vizuri, akaondoka akisema Mungu anajua. Sina shaka anajua. Nilikuwa natamani aniambie na mimi.

Alhamisi moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, ile ya kwetu isiyo na haraka. Nilipika magimbi, nikampelekea Mama pale sebuleni alipokaa na paka wake. Akashukuru, akachukua sahani ya pili, akafunika. Pilato alikuwa amejikunja ukutani, manyoya yamesimama, uti wa mgongo unaonekana.

Sijui nini kilinishika. Niliketi chini mbele yao na sahani yangu, nikaanza kula. Nilikula kwa nguvu, kwa mikono miwili, huku machozi yanaingia kwenye chakula. Mama akasema, "Wewe, una nini?"

Nikasema, "Nitazame, Mama. Ninakula. Mimi pia nimetoka tumboni mwako, na ninakula. Kila siku ninakula hapa mbele yako na hunioni."

Nilijua nimekosa adabu. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mama alinitazama, Obed. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayevuka barabara na ghafla anamtambua anayemjua. Halafu akainama, akachukua kipande cha gimbi kwenye sahani yangu, siyo yake, akatafuna polepole.

"Hayajaiva haya," akasema.

Akachukua kingine. Akala na hicho. Akafunua sahani yake, akala karibu nusu, huku akinilaumu kwamba sikuyaweka chumvi mapema na kwamba moto wangu siku zote ni wa haraka. Sijawahi kufurahia lawama namna ile.

Ukisubiri niseme paka naye alikuja akala, hakuja. Alibaki pale pale ukutani. Nikampigia Jacob nikamwambia sina ujanja tena, na yeye akanijibu, "Dada, mwache ale kwanza. Ukimkosa leo, hicho chakula cha kopo utampa nani?" Akaongea na yule daktari wa Mbeya, akanirudishia maelekezo. Nikachukua punje za gunia lako, nikaziloweka kwenye maji ya moto mpaka zikavimba na kulainika, nikachanganya na chakula cha kopo kiasi cha ncha ya kijiko tu, nikaacha punje chache kavu juu ili asikie ule mlio wake. Nikaweka chini nikatoka, maana nilikuwa nimechoka kutazama mdomo wa mtu. Niliporudi alikuwa amekula kama robo.

Tunaendelea hivyo mpaka leo. Kila baada ya muda ninaongeza cha kopo kidogo na kupunguza punje kidogo. Nikizidisha anagundua, anafukia sakafu, tunarudi nyuma. Leo asubuhi amekula nusu ya kisahani. Jana hakugusa. Tumeweka mabakuli ya maji kila kona, Enosi ameshalikanyaga moja gizani, soksi zote maji. Na kila asubuhi kuna mtu anaenda kukagua maranda. Juzi alikuwa Enosi, yeye yule wa njaa itamfundisha, akapiga kelele kutoka uani, "Amekojoa! Mama, amekojoa!" Majirani wakadhani tumepata mjukuu.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba tumeshinda. Amekonda sana. Daktari anasema inaweza kuziba tena, na ikiziba tena akiwa hivi alivyo, safari ya Mbeya huenda ikawa ya kwenda tu. Mama analijua hilo. Alisema, "Akienda, nitakuwa nimemshika, sitakuwa nimembana." Enosi anaona ni upumbavu, kwamba kama bomba lingemwokoa basi tulitumie. Jacob naye anaona hivyo, ila anamheshimu Mama. Mimi nikiwasikiliza wao naona wana haki, nikimsikiliza Mama naona ana haki, na mwisho ninaenda kupasha moto maji ya kulowekea punje, kwa sababu hicho ndicho ninachoweza.

Basi hiyo ndiyo sababu ya kukuomba usitume gunia jingine. Hili lililopo litatosha hadi tutakapoliacha, tukifika huko. Ukipita Arusha na ukaona vile vipakiti vidogo vya majimaji vyenye mchuzi mwingi, hivyo ndivyo anavyovilamba kuliko kopo. Usipoviona usijisumbue.

Mambo mengine ni ya kawaida. Wanunuzi wa maparachichi wamepita, wamechagua makubwa na kutuachia madogo. Mgomba ule wa nyuma ya choo umeangushwa na upepo na mkungu wake, tukagawana na jirani. Kwaya imepata sare mpya na mimi ndiye niliyeishona, vipimo vya watu wengine vimenishangaza. Kaburi la Lilian udongo umeshatulia. Mchungaji anasema tunaweza kulijengea kiangazi. Mama amesema halijengewi mpaka uwepo.

Sasa la mwisho, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jana tulipomaliza kula, Mama aliuliza, "Obed anapika kutwa nzima kwa ajili ya watu. Nani anampikia yeye?"

Nikasema sijui, Mama.

Akasema, "Muulize."

Sikutaka kukuuliza kwa simu, maana ungejibu "Nakula, Mama, msiwe na wasiwasi," kama unavyojibu siku zote, na sauti ikiwa kubwa nisingeweza kukubishia. Lakini ile picha uliyotuma Pasaka, umesimama na wapishi wenzako, tuliiona. Lile shati la kazi lililokubana mwaka jana sasa linakuning'inia kama limetundikwa ukutani. Mama aliikuza ile picha kwa vidole viwili, akaitazama shingo yako, akanirudishia simu. Lilian alikuwa pacha wako. Sisi tulilia kwa sauti, tukapikiwa na majirani, tukalala mikekani na watu. Wewe ulirudi kwenye masufuria ya wageni.

Sina dawa, Obed. Paka amenishinda, Mama nimemweza kwa sahani moja ya magimbi mabichi, na wewe uko mbali, mkono haufiki. Omba ruhusa, hata kama ni ya siku chache, hata kama wageni ni wengi. Usije na kitu. Njoo uketi hapa chini na sisi, ule, tukuone ukitafuna.

Nisalimie rafiki yako Jairo mnayekaa naye chumba kimoja, mwambie akutazame kwenye sahani kwa niaba yetu. Wanakusalimu Mama yetu, bibi Esnath, anayedhani sasa hivi ninashona. Shemeji yako Enosi. Wapwa zako Tulia na Ambwene walioko shule. Mama Alinanuswe na kwaya nzima. Na Jacob, anayeuliza kama huko kwenu tembo huugua mafua.

Bwana akulinde jikoni na barabarani, akupe hamu ya chakula na usingizi wa kutosha, na akurudishe mlangoni kwetu kabla baridi ya Juni haijakolea.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ninayekuwekea sahani,

Atupele